Hoteli ya Savoy ya London ilizaliwa na jumba la maonyesho: sisi wa Mwanza tunaanza na lipi?

ZamuYaUsiku (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni.

Nimefanya kazi ya mapokezi katika hoteli za hapa Mwanza kwa miaka tisa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeshika zamu ya usiku. Anayekaa kaunta kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri hujifunza jambo ambalo mwenye hoteli, anayekuja asubuhi kuhesabu mapato, halioni. Mgeni akishaoga na kubadili nguo huteremka, huegemea kaunta na kuuliza, "Sasa hapa mtu anakwenda wapi usiku?" Jibu langu kwa miaka yote hiyo limekuwa lile lile: namwelekeza kwenye sato wa kuchoma, namtajia Bismarck Rock ambalo gizani halionekani sawasawa, kisha namtakia usiku mwema. Saa tatu na nusu amesharudi chumbani anaangalia televisheni, na kesho yake saa mbili anarudisha ufunguo.

Wiki iliyopita, katika uzi mwingine humu, wachangiaji wengi walisisitiza kwamba mji wetu ukipata hoteli moja kubwa ya hadhi ya juu, mambo mengine yatafuata yenyewe. Sikubaliani nao, na sababu yangu naitoa mbali kidogo, London, kwenye hoteli ambayo watu wa kazi yetu huitaja kama kipimo. Savoy haikujengwa ili watu waje. Watu walikuwa wamekwishakuja, wamejaa, na hawakuwa na mahali pa kula na kulala palipolingana na usiku waliokuwa nao.

Eneo lenyewe liko katika barabara ya Strand, inayokwenda sambamba na mto Thames, upande wa mji ambako majumba ya maonyesho yamesongamana. Mtu wa kumwangalia hapa ni Richard D'Oyly Carte, ambaye hakuwa mtu wa hoteli hata kidogo. Alikuwa mwandaaji wa maonyesho. Alimkutanisha W. S. Gilbert, aliyetunga maneno, na Arthur Sullivan, aliyetunga muziki, na kazi yao ya pamoja ikawa opera fupi za kuchekesha ambazo Waingereza walizipenda kupita kiasi. Tarehe 10 Oktoba 1881 Carte akafungua jumba lake mwenyewe la kuzionyesha, Savoy Theatre. Mwaka 1885 likaingia jukwaani The Mikado, ambalo lilichezwa mara 672. Hebu fikirieni idadi hiyo: huo ni mwaka mmoja na zaidi ya nusu wa jumba kujaa karibu kila usiku kwa onyesho moja.

Faida ya mafanikio hayo ndiyo iliyojenga hoteli. Carte alikuwa amesafiri Marekani kwa shughuli za maonyesho, akalala katika hoteli za kule, akarudi akijua kwamba za kwao zilikuwa nyuma. Kando ya jumba lake palikuwa na kiwanja ambacho awali alikitumia kwa mtambo wa kufua umeme wa jukwaa. Akamwita msanifu Thomas Edward Collcutt, na baada ya miaka mitano ya ujenzi hoteli ikafunguliwa tarehe 6 Agosti 1889. Ilikuwa na taa za umeme kila mahali, lifti za umeme zilizoitwa kwa majivuno "vyumba vinavyopanda", na mabafu mengi kuliko ilivyokuwa desturi. Inasimuliwa kwamba mjenzi alipoiona hesabu ya mabafu alimuuliza Carte kama wageni anaowatarajia ni viumbe wa nchi kavu na majini.

Naomba mwone mpangilio wake. Kwanza onyesho, kisha jumba la onyesho, kisha watu waliotoka nje saa za usiku wakiwa na furaha, njaa na fedha mfukoni, na mwisho kabisa ndipo hoteli. Sisi tunataka kuanzia mwisho.

Kuna ushahidi mdogo ambao unaonekana mpaka leo pale mlangoni. Waingereza, kama sisi, huendesha gari upande wa kushoto. Lakini katika kinjia kifupi kinachoitwa Savoy Court, kinachotoka Strand na kuingia hotelini, magari hupita kulia. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba mlango wa jumba la maonyesho uko upande wa kulia unapoingia, kwa hiyo magari yanayoteremsha watazamaji hukaa upande huo na hayazibi njia ya wanaokwenda hotelini. Mimi niliyewahi kusimama nje kuongoza magari ya harusi mbili zilizogongana usiku mmoja nalielewa jambo hilo bila kuchorewa.

Nakaribisha hoja.

FundiTaa_Igoma

Mkuu ZamuYaUsiku, uzi mzuri, ila mimi fundi nimekwama kwenye umeme. Mwaka 1881 hakukuwa na gridi ya kuungia waya. Huyo bwana aliwashaje jumba zima?

ZamuYaUsiku

Fundi, umegusa sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kabla ya hapo majumba ya maonyesho yaliangazwa kwa gesi. Gesi ilikuwa na joto, ilikula hewa, ilinuka, na iliunguza majumba pamoja na watu. Carte akanunua taa za Joseph Swan, Mwingereza aliyekuwa akitengeneza balbu za uzi unaowaka ndani ya kioo wakati ule ule Edison akifanya hivyo Marekani. Zilikuwa takriban 1,200. Umeme wake ulitoka kwenye mtambo wa mvuke uliowekwa katika kile kiwanja cha kando nilichokitaja. Kwa maneno yetu, alikuwa na jenereta lake.

Na jenereta, kama kawaida ya majenereta, likamwaibisha. Usiku wa ufunguzi nguvu ilitosha upande wa watazamaji tu, jukwaa likabaki na gesi hadi tarehe 28 Desemba. Siku hiyo, jukwaa lilipokuwa tayari kuwashwa kwa umeme, Carte alijua kwamba watazamaji wake bado wana wasiwasi. Akatoka mwenyewe mbele yao akiwa ameshika balbu inayowaka, akaifunika kwa kitambaa chepesi cha melimeli, kisha akaivunja. Balbu ikazimika. Akakiinua kitambaa kile, hakikuwa na hata alama ya kuungua, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Jumba lile linahesabiwa kuwa jengo la kwanza la umma duniani kuangazwa lote kwa umeme.

Nadhani utakubaliana nami kwamba hata kuhusu waya mtu huyu alifikiri kijukwaa. Angeweza kubandika tangazo ukutani kusema taa ni salama.

FundiTaa_Igoma

Nimekubali. Ningekuwepo ningemuuliza kama aliweka fyuzi.

MamaSato

Kaka ZamuYaUsiku, salaam. Mimi ni mpishi, na mwaka wa kumi na nne sasa natazama milango ya jiko kutoka ndani. Katika maelezo yako yote umetaja taa, lifti, mabafu na njia ya magari, lakini mtu aliyetoka kwenye onyesho akiwa na njaa hali lifti. Nani alipika?

ZamuYaUsiku

Dada MamaSato, nimestahili kukosolewa.

Miezi ya mwanzo hoteli ilisuasua. Carte akamshawishi Mswisi aliyeitwa César Ritz aje kuwa meneja, na Ritz akaja na mpishi Mfaransa, Auguste Escoffier. Ritz alikuwa mtoto wa kijijini milimani aliyepanda ngazi zote za kazi ya hoteli kuanzia kubeba sahani, na alikuwa na macho ya kuona doa kwenye glasi kutoka upande wa pili wa ukumbi. Escoffier ndiye aliyeligawa jiko kwa vituo: huyu mchuzi, huyu nyama za kuoka, huyu samaki, huyu vitamutamu, kila mmoja na mkuu wake, ili sahani moja ipite mikono kadhaa kwa wakati mmoja badala ya mtu mmoja kuihangaikia mwanzo hadi mwisho. Watu wanapomaliza kuangalia onyesho hufika wote pamoja, hawaji mmoja mmoja kama wateja wa mchana. Jiko lisilogawanywa linazama hapo hapo. Pia alikataza kelele na pombe jikoni, akawapa wapishi kinywaji cha shayiri kupunguza kiu ya joto.

Uhusiano wa jiko na jukwaa ulikuwa wa karibu kiasi kwamba chakula kilipewa majina ya waimbaji. Nellie Melba, mwimbaji wa Australia, alikuwa akiimba katika opera ya Lohengrin huko Covent Garden mwanzoni mwa miaka ya 1890, opera ambayo ndani yake mna bata maji mkubwa mweupe. Escoffier akampelekea mapichi juu ya aiskrimu ya vanila, yamewekwa katikati ya mabawa ya ndege huyo aliyechongwa kwa barafu. Miaka michache baadaye akaongeza mchuzi wa rasiberi, na tunda hilo likabaki na jina la mama huyo hadi leo. Mgeni alitoka kumsikia ndege wa jukwaani, akaja kumkuta mwingine mezani.

MamaSato

Kugawa jiko nakuelewa kabisa. Siku ya harusi kubwa mimi huweka mtu mmoja kwenye ugali, mmoja kwenye kukaanga, mmoja kwenye kachumbari, na mmoja wa kupanga sahani tu, ambaye haruhusiwi kugusa sufuria hata akiitwa. Bila huyo wa mwisho, chakula kinatoka kikiwa kimepoa. Sikujua kwamba natumia mafundisho ya Mfaransa.

Ila nimesikia kwamba hao wawili waliondoka vibaya. Ni kweli?

ZamuYaUsiku

Ni kweli. Mwaka 1898 bodi ya hoteli iliwafukuza wote wawili. Ukaguzi ulikuta mvinyo na vileo vya zaidi ya pauni 3,400 havijulikani vilikokwenda, na ikabainika kwamba wauzaji wa vyakula walikuwa wakitoa zawadi na asilimia zao. Shauri lilimalizwa nje ya mahakama na nyaraka zikafichwa kwa miongo mingi, ndiyo maana vizazi vya wapishi vilikua vikiwasikia kama watakatifu. Ritz hakupotea. Mwaka ule ule wa 1898 alifungua hoteli yake Paris, na jina lake leo linajulikana kuliko la waliomfukuza.

MamaSato

Hapo kwenye asilimia za wauzaji pamenigusa. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, ambapo sitapataja, sangara aliingia kwa hati ya kilo ishirini. Nikimwaga barafu na kumpima tena kwenye mizani ya jikoni, napata kumi na saba. Niliuliza mara ya kwanza nikaambiwa mizani yangu mbovu. Nikaleta mizani ya jirani, nikaambiwa samaki hupungua akifa. Mara ya tatu sikuuliza, nilitafuta kazi kwingine. Kwa hiyo mtu akiniambia jiko lile lilikuwa kubwa na la ajabu, namsadiki, na akiniambia kwamba palikuwa na cha juu, namsadiki pia.

Mwalimu_wa_Kisesa

Vijana, hamjambo. Nimestaafu ualimu na nina muda wa kusoma nyuzi ndefu.

Ndugu ZamuYaUsiku, hoja yako kwamba jukwaa hutangulia hoteli naikubali, lakini nakushitaki kwa jibu unalowapa wageni wako. Unasema wanauliza pa kwenda usiku na wewe unawaelekeza kwenye samaki na jiwe. Umezaliwa wapi wewe? Kisesa, mwendo wa chini ya saa moja kutoka kaunta yako kwa barabara ya Musoma, pana Bujora, makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padre David Clement katika miaka ya 1950. Kila mwaka, baada ya sikukuu ya Ekaristi, karibu na mwezi wa Juni, huchezwa Bulabo. Makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana uwanjani kama yalivyoshindana tangu enzi za waganga wao wakuu, Ngika na Gumha. Ni mashindano yenye dawa, siri, mizaha, mavazi, wanyama, na bugobogobo ambamo majembe hurushwa hewani na kudakwa kwa mdundo.

Na mnajua mshindi anapatikanaje? Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji huhama. Anayevuta watu wengi zaidi ndiye aliyeshinda. Hakuna jaji wa kuandika alama. Nimesimama pale nikiwa kijana nimeona uwanja mzima ukigeuka kama maji ya ziwa upepo unapobadilika, kwa sababu upande wa pili mtu amefanya jambo ambalo huku hatukulitazamia, na mchezaji wa upande wetu amebaki na jembe mkononi akicheza mbele ya nyasi. Huyo Carte wa Uingereza angefika Bujora angeajiri viongozi wa pande zote mbili.

Jukwaa tunalo. Tulichokosa ni mtu wa kaunta mwenye kulijua.

ZamuYaUsiku

Shikamoo Mwalimu. Nimekamatwa na sina utetezi. Nimezaliwa Nyegezi, na mara ya mwisho kufika Bulabo nilibebwa mabegani.

Nina neno moja tu la kuongeza. Ngoma za Bujora huchezwa mchana, mgeni akarudi mjini jioni, na baada ya hapo tunampoteza. Nguvu ya Savoy ilikuwa kwamba onyesho na meza viliachana kwa hatua chache. Waigizaji wenyewe waliingia hotelini wakiwa wametoka kunawa rangi za uso. Kwa miaka mingi, kuanzia 1903, baa yake iliongozwa na mwanamke, Ada Coleman, na kinywaji chake maarufu kuliko vyote alikichanganya kwa ajili ya mwigizaji Charles Hawtrey, aliyemwomba kitu chenye nguvu kwa kuwa amechoka. Hoteli ilikuwa sehemu ya pili ya onyesho.

Mwalimu_wa_Kisesa

Marahaba. Hatua chache hizo ndizo za kuzitafutia dawa.

Kijana_wa_Mwaloni

Wakubwa, niruhusuni niharibu kidogo sherehe. Mimi napakua dagaa Kirumba. Nikisoma kuhusu hoteli hii naona hadithi ya matajiri waliochezea fedha. Nimesoma kwamba mwaka 1905 milionea mmoja wa shampeni, George Kessler, aliifurika maji sehemu ya uwanja wa hoteli, akaelea na wageni wake katika mashua kubwa ya mtindo wa Venice, Caruso akawaimbia, na keki ikaletwa na mtoto wa tembo. Mtoto wa tembo! Sisi tuna ziwa zima la bure na mashua za kweli, na hakuna aliyetujengea hoteli.

Sehemu ambayo ningependa isimuliwe ni ya tarehe 14 Septemba 1940. London ilikuwa ikipigwa mabomu na ndege za Ujerumani kila usiku, na waliokuwa wakifa zaidi ni watu wa mashariki ya mji, karibu na bandari, ambao mahandaki yao hayakutosha. Savoy ilikuwa na handaki la kifahari chini ya jengo, lenye vitanda. Diwani wa kikomunisti kutoka Stepney, Phil Piratin, akaongoza kundi la wanawake, wanaume na watoto, king'ora kilipolia wakaingia mlango wa mbele na kudai hifadhi. Kisheria hoteli isingeweza kuwatoa nje mabomu yakidondoka. Wakakaa, wakaagiza chai, wakabishana na wahudumu juu ya bei mpaka wakakubaliana walipe bei ya mgahawa wa kawaida. Wahudumu wenyewe, nasikia, hawakuhuzunika sana.

ZamuYaUsiku

Kijana wa Mwaloni, hujaharibu chochote. Mimi ni wa upande wa wahudumu, na nimesimama mlangoni nikiambiwa nani aingie na nani asiingie. Usiku wa mvua kubwa mwaka mmoja niliwaruhusu akina mama watatu wenye beseni za ndizi wakae kwenye viti vya mapokezi hadi mvua ipungue, na nilikatwa mshahara wa siku kwa ajili hiyo. Kwa hiyo chai ile ya 1940 naielewa kutoka upande wa anayeimimina.

Kuhusu tembo sina la kutetea. Nasikia hata ndege wa mapambo waliowekwa kwenye maji yale waliathirika kwa rangi iliyotiwa ili yawe ya buluu. Ila angalia tena: hata upuuzi ule ulikuwa onyesho. Tajiri alikodi hoteli ile kwa sababu ilikuwa na watu wanaojua kujenga mandhari, kuficha nyaya na kumleta mwimbaji kwa saa iliyopangwa.

MamaSato

Na yule paka? Mmoja wa wateja wangu aliniambia kuna paka anayekula mezani.

ZamuYaUsiku

Anaitwa Kaspar, ni wa mbao, na ni mweusi. Mwaka 1898 Woolf Joel, tajiri wa Afrika Kusini, aliandaa chakula cha watu kumi na wanne, mmoja akashindwa kuja, wakala kumi na watatu. Mgeni mmoja akasema kwamba atakayeinuka wa kwanza atakufa. Joel akacheka, akainuka, na wiki chache baadaye akapigwa risasi Johannesburg. Tangu hapo meza ikiwa na watu kumi na watatu hoteli ilimketisha mfanyakazi wake awe wa kumi na nne, jambo ambalo wageni hawakulifurahia walipotaka kuzungumza siri. Mwaka 1927 msanifu Basil Ionides akamchonga Kaspar, na tangu siku hizo yeye ndiye wa kumi na nne: anafungwa kitambaa shingoni na kuwekewa kila sahani kama mgeni mwingine.

MamaSato

Kwetu paka mweusi ndiye angewakimbiza hao kumi na watatu. Lakini nimempenda: harudishi chakula jikoni akidai chumvi imezidi.

FundiTaa_Igoma

Turudi kwenye fedha, maana hapo ndipo miradi yetu hufia. Waliokuwa na jukwaa na waliokuwa na hoteli walielewana?

ZamuYaUsiku

Hawakuelewana. Mwaka 1890, hoteli ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja, Gilbert aliona katika hesabu za maonyesho kwamba anakatwa sehemu ya gharama ya zulia jipya la ukumbi wa mbele wa jumba. Akasema zulia ni mali ya mwenye jumba na si la opera. Sullivan akasimama upande wa Carte, mambo yakafika mahakamani, na ushirikiano ule uliokuwa umeleta fedha zote hizi ukavunjika. Baadaye walipatana na kutunga tena, lakini ile hali ya The Mikado haikurudi. Zulia, Fundi. Hawakugombana kwa ajili ya kiwanja.

Jengo lenyewe limedumu kwa kujengwa upya mara kwa mara. Jumba la maonyesho lilitengenezwa upya mwaka 1929, likaungua Februari 1990, likafunguliwa tena 1993. Hoteli ilifungwa Desemba 2007, samani zake zikapigwa mnada, na matengenezo yaliyokadiriwa kugharimu pauni milioni 100 yakala milioni 220. Ilifunguliwa tarehe 10 Oktoba 2010, siku na mwezi ule ule ambao jumba la maonyesho lilifunguliwa mwaka 1881.

Kijana_wa_Mwaloni

Nina swali la hapa nyumbani. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwaka 2025, kilometa 3 mtu anavuka kwa dakika chache. Je, ninyi wa hoteli mmefaidika?

ZamuYaUsiku

Swali hilo ndilo lililonifanya nianze uzi, ingawa sikulitaja.

Zamani nilikuwa na wageni wa aina moja niliowapenda, ambao hawakupanga kulala Mwanza. Foleni ya kivuko iliwachelewesha, giza likaingia, wakaona heri walale wavuke kesho. Walifika saa tatu usiku wamechoka, wananuka dizeli, na hawakuuliza pa kwenda. Siku hizi wanapita. Daraja ni jema, na hakuna mwenye akili anayelilia kivuko, lakini kitabu changu cha wageni kimeniambia wazi kwamba sehemu fulani ya vyumba vyetu ilikuwa ikijazwa na foleni. Sasa mgeni atalala Mwanza akiwa ametaka mwenyewe, na atataka kwa sababu kuna jambo la usiku analolifuata. Hoteli ya ghorofa kumi na mbili yenye lifti ya kioo haitambadilishia hilo.

Mwalimu_wa_Kisesa

Basi tuseme jambo la kufanyika. Wachezaji wa ngoma nawafahamu, wengine niliwafundisha kusoma. Kundi la watu kumi na wawili linaweza kuletwa mjini jioni ya Jumamosi kwa basi dogo. Swali langu ni kama mwenye hoteli yako atakubali majembe yarushwe katika bustani yake.

ZamuYaUsiku

Nimemuuliza leo asubuhi alipokuja kuhesabu mapato. Amecheka kwanza, kisha akauliza nani atalipia zulia. Nikamwambia bustani ni ya nyasi. Ametoa Jumamosi moja ya majaribio, kwa masharti mawili: ngoma ziishe saa nne usiku, na jiko lisifungwe saa tatu kama ilivyo sasa.

FundiTaa_Igoma

Taa za bustani nitafunga mimi. Umeme ukikatika, jenereta lenu linachukua sekunde ngapi kuwaka?

ZamuYaUsiku

Likiwa na hali nzuri, sekunde arobaini.

Mwalimu_wa_Kisesa

Katika sekunde arobaini za giza Bagalu wanaweza kuushinda uwanja mzima. Wacha ikatike.

MamaSato

Nami naomba mniambie idadi ya watu mapema. Wakitoka kwenye ngoma watakuja wote kwa mkupuo, na sato mia moja hawaparwi magamba kwa dakika kumi. Halafu mizani nitakuja nayo mwenyewe.